Waya Mwekundu Chini ya Kiti

Siku ya sita tangu Yelmita asagwe na lori kwenye kona ya juu ya mlima Sitinjau, Sajini Desmawarni alishuka mahabusu na faili kwapani, akaagiza mlango ufunguliwe. Faili lilikuwa nono: mchoro wa barabara, picha kumi na nne, cheti cha daktari, na maelezo ya mashahidi wawili waliofika baada ya ajali, ambao kwa hiyo hawakuona kitu. Kilichokosekana ni saini ya mshtakiwa. Mkuu wake, Inspekta Tarmizon, aliitaka saini hiyo kabla ya sala ya Ijumaa, na leo ilikuwa Alhamisi.

Mshtakiwa aliitwa Basrul, dereva wa miaka ishirini na mbili barabarani. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, ndevu zimemwota ovyo.

"Soma, kisha utie saini," Desmawarni alimwambia.

Basrul alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipofika ukurasa wa pili kidole kikasimama.

"Hapa mmeandika nilikuwa naangalia simu."

"Ulikuwa unaangalia?"

"Uni, dada yangu, pale kona ya juu, na tani nane za saruji mgongoni, nani ana mkono wa kushikia simu? Mmoja uko kwenye usukani, mmoja kwenye gia, na roho iko mdomoni."

"Nieleze ilivyokuwa."

"Nimeshaeleza mara nne."

"Alielezwa mwenzangu. Mimi sijasikia hata mara moja."

Basrul alimtazama kwanza, kama mtu anayepima daraja kabla ya kupitisha mzigo. Kisha akaeleza. Ukungu ulikuwa mzito kama tui la kwanza. Skuta ya yule mwanamke ilikuwa mbele yake tangu chini, na yeye alikuwa anaifuata taa yake ya nyuma, ile nyekundu, kwa sababu kingine cha kufuata hakikuwepo. Ile kona huiingii umelegea. Ukisimama katikati unarudi chini na mzigo wote, na walio nyuma yako unawafagia. Kwa hiyo alikanyaga mafuta kama siku zote.

"Halafu taa ikapotea," alisema.

"Ikapotea vipi? Alikuwa ameshakata kona?"

"Ilizimika. Kama mtu anavyozima taa chumbani akitoka."

"Kabla hujamgonga au baada?"

"Kabla. Nilipata muda wa kusema moyoni, taa iko wapi. Muda huo nilikuwa nao. Halafu nikasikia." Akairudisha karatasi. "Mwenzako aliniambia kila dereva ana taa iliyozimika."

Desmawarni aliipokea karatasi, akawaza kama fundi. Skuta ikiishiwa mafuta mlimani, au plagi ikichoka, injini hunyamaza lakini taa hubaki, maana taa zinakula betri. Taa na injini vikifa pamoja, umeme wenyewe ndio uliokatika, na umeme wa skuta haukatiki hivi hivi. Ama mtu amegeuza ufunguo, ama fyuzi imeungua, ama kuna waya umeachia.

Alichukua faili lake bila saini, akatoka.

*

Skuta ilikuwa nyuma ya kituo, imefunikwa turubai. Gurudumu la lori lilikuwa limepita upande wa mbele, usukani na swichi ya ufunguo vikawa kitu kimoja. Upande wa nyuma ulikuwa mzima. Hata kioo cha taa ya breki hakikuwa na ufa. Ripoti ya ukaguzi ilisema kwa mstari mmoja: taa haziwaki kutokana na ajali.

Desmawarni alikulia karakana ya baba yake huko Payakumbuh, na mita ya umeme aliijua kabla ya kalamu. Alikunja mikono ya sare, akainua kiti.

Alianza na betri. Mshale ulipanda hadi volti kumi na mbili kasoro kidogo. Betri haikuwa na neno. Akachomoa fyuzi, akaishika kwenye jua: uzi wake ulikuwa mzima. Akachukua kipande cha waya, akaipa taa ya nyuma umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Taa ikawaka, nyekundu safi.

Kwa hiyo taa ilikuwa nzima, fyuzi nzima, betri nzima. Aliufuata waya mwekundu mkubwa unaotoka kwenye betri kwenda mbele, akiugusa kwa sindano ya mita hatua kwa hatua. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Chini ya mkunjo wa kiti waya ulipotelea ndani ya bonge la tepu nyeusi, na ulipotokea upande wa pili mshale ukalala. Sifuri.

Lori halikufika hapo. Gurudumu lilikuwa mkono mzima mbele ya hapo.

Aliipasua tepu kwa wembe. Ndani yake waya mwekundu ulikuwa umekatwa kwa koleo, na ncha zake mbili zimefungwa kwenye kidude cheusi ukubwa wa kiberiti: rilei, swichi inayofungua na kufunga kwa amri. Kutoka kwenye rilei waya mwembamba wa manjano ulikwenda kwenye kifaa cha GPS kilichobanwa kwa kamba za plastiki. Kifaa hicho kilikuwa na waya wake wa kijani uliofungwa kwenye bodi ya chuma, na mwekundu uliounganishwa kwenye betri moja kwa moja, kiasi kwamba hakikuhitaji ufunguo wala ruhusa ya mtu. Kitaa chake cha buluu kilikuwa kinakonyeza. Mwenye skuta alikuwa na siku sita kaburini, na kile kifaa kilikuwa bado kimeishikilia ile rilei wazi, umeme usipite.

Alipiga picha kila kiungo, kisha akakichomoa kifaa aende nacho. Mgongoni mwa kifaa palikuwa na karatasi ya dhamana yenye jina la karakana moja ya mtaa wa Bandar Buat, chini ya mlima.

*

Fundi Mursal alikuwa anakunywa kahawa juu ya tairi alipomwona Desmawarni anavuka barabara. Aliiweka chini kabla hajaimaliza.

"Karibu, Uni. Skuta inasumbua?"

"Inasumbua. Imegoma kabisa." Akamwekea picha mbele. "Hii ni kazi yako?"

Mursal aliitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Siwezi kusema. Mafundi tuko wengi."

"Karatasi ya dhamana ni yako. Na fundi anayesokota ncha mara tatu kisha akaikunja, mtaa huu yuko mmoja. Nimepita kwa wenzako wawili kabla ya kuja, wamekutaja wakicheka."

"Basi ni yangu," Mursal alisema. "Kufunga GPS si kosa. Wezi wa pikipiki wamejaa."

"Nani alikuagiza?"

"Mumewe. Hendrizal, yuko kisiwani Batam, anachomelea meli. Alinipigia simu akaniambia nifunge na cha kuzimia. Skuta ilikuja kubadilishwa oili, nikaifunga siku hiyo hiyo."

"Yelmita alikuwa anajua?"

Mursal alijikuna shingo. "Mume alisema nisimwambie. Alisema wanawake wanaropoka, mwizi atasikia."

"Alirudi kwako baadaye?"

"Nani?"

"Uda Mursal, kaka yangu, usijitie hamnazo. Skuta iliyokuwa inazimwa kwa simu, mwenyewe hajui, ataipeleka wapi?"

"Alikuja mara mbili," fundi alisema, sauti imeshuka. "Alisema inakufa ghafla sokoni, halafu baada ya saa moja inawaka kama si yenyewe. Nikamwambia ni unyevu kwenye plagi. Nikabadilisha plagi."

"Mara mbili ukabadilisha plagi nzima."

Mursal aliinua kahawa yake, akaitua tena bila kuinywa.

Desmawarni aliweka kidole kwenye picha, pale waya mwekundu ulipokatwa. "Cha kuzimia kinafungwa kwenye waya wa moto wa plagi, ule mwembamba. Injini inakufa, taa zinabaki. Kwa nini ulikata huu wa mama, unaolisha skuta nzima?"

"Ule wa plagi uko mbele. Ni lazima ufungue plastiki zote, skrubu ishirini na kitu. Huu uko hapa hapa chini ya kiti." Mursal alitazama kahawa yake. "Ilikuwa inakaribia magharibi, Uni."

"Kwa hiyo amri ikifika, taa ya nyuma nayo inakufa."

"Kila kitu. Lakini haiwezi kumwangusha mtu, hilo nakuapia. Kiwandani wameweka kinga. Ukituma amri chombo kiko kwenye mwendo, hakizimi papo hapo. Kinaiweka amri, kinangoja mwendo ushuke chini ya kilomita ishirini, ndipo kinakata. Ni kwa usalama wa..."

Akakoma mwenyewe. Barabarani nje malori ya saruji yalikuwa yanapita kuelekea mlimani, moja nyuma ya jingine.

"Endelea," Desmawarni alisema. "Kwa usalama wa nani?"

Mursal aliyafuata malori kwa macho. Desmawarni alikifungua kile kifaa mbele yake, akatoa laini ya simu iliyokuwa ndani, akamwomba simu ya vitufe aliyoiona imening'inia kwenye msumari. Laini ikakubali. Ndani yake palikuwa na jumbe tatu za Ijumaa iliyopita, zote neno moja na namba ya siri: *Simama*. Saa tatu na dakika arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na nne. Zote kutoka namba moja.

Ajali ilitokea saa nne kasoro dakika mbili.

Alipiga hesabu hapo hapo, kwa penseli nyuma ya picha. Saa tatu na arobaini na moja Yelmita alikuwa bado chini, kwenye barabara tambarare, na mtu wa skuta huko hukimbia hamsini. Kifaa kiliipokea amri, kikangoja. Barabara ilipoanza kupanda bado alikuwa na thelathini na kitu. Mahali pa kwanza palipomlazimisha kushuka chini ya ishirini, katika safari yake yote, palikuwa ile kona ya juu.

"Namba hii ya nani?"

Mursal aliitafuta kwenye simu yake mwenyewe. "Nimeiandika Hendri Batam. Ndiyo namba aliyonipa niiingize kwenye kifaa."

*

Mchana ulipoingia Desmawarni alikuwa ameshapata jibu la kampuni ya simu: namba imesajiliwa kwa kitambulisho cha Hendrizal. Ilionekana kazi imekwisha. Alimpigia msimamizi wa uwanja wa meli huko Batam ili ajue mtu wake atapatikana wapi, na hapo kazi ikafumuka tena. Wachomeleaji wote, msimamizi alisema, huacha simu getini saa moja asubuhi na kuzichukua saa sita. Ijumaa ile Hendrizal alikuwa ndani ya tumbo la meli tangu saa moja. Walimtoa humo ili kumpa habari ya msiba.

Akaomba aitwe. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mtu aliyekabwa na moshi.

"Namba hiyo si ninayotumia, Uni. Nilimnunulia Mak, mama mkwe. Yeye hana kitambulisho kipya, nikasajili kwa changu."

"Na ulimfundisha kuzima skuta?"

"Kwa ajili ya wezi."

"Hendri, mwizi gani huyo ambaye hata mkeo alifichwa habari zake?"

Nyuma yake chuma kilikuwa kinapigwa.

"Nilimwambia Mak akiona anaondoka azime mapema," alisema mwishowe. "Akiwa bado kwenye njia ya kijijini. Nilimwambia mapema."

"Alikuwa anaondoka kwenda wapi?"

"Solok, ng'ambo ya mlima. Kuna zahanati ilimpa kazi ya kupima damu. Nilimkataza. Nikamwambia akae na mama yake mpaka mimi nirudi."

"Unarudi lini?"

"Mkataba una miaka miwili."

Alipokata simu, Inspekta Tarmizon alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Saini iko wapi?"

"Haipo, bwana. Sio dereva."

Alimweleza kwa ufupi. Tarmizon alisikiliza hadi mwisho, akaivaa kofia.

"Na kwa hayo unataka kwenda kumhoji mama aliyefiwa, siku moja kabla ya dua ya saba ya mwanawe."

"Ndiyo, bwana."

"Dereva ana lori, ana kampuni, ana wakili wa kampuni. Yule mama ana nini?"

"Ana simu," Desmawarni alisema.

*

Nyumba ya Mak Nurana, mama wa marehemu, ilikuwa kubwa kuliko watu wake. Vyumba vitano vilikuwa vimefungwa, na ukumbi mrefu ulikuwa umetandikwa mikeka kwa ajili ya dua. Mwenyewe alikuwa jikoni, anakoroga nyama kwenye tui lililoanza kutoa mafuta. Alikuwa na miaka sitini na minane, mikono yenye nguvu, macho yaliyovimba.

"Mwanangu," alisema, "umekuja na habari ya yule muuaji?"

"Nimekuja na habari, Mak. Punguza moto tukae."

Walikaa ukumbini. Desmawarni akaomba kuiona simu yake. Mak Nurana aliitoa kwenye pindo la kitambaa chake bila kusita. Hakuwa amefuta kitu. *Simama* tatu zilikuwepo, na chini ya kila moja jibu, la Kiingereza, sentensi nzima.

"Hizi ulizituma wewe?"

"Nilizituma. Hazikufanya kazi."

"Ulijuaje kama hazikufanya kazi?"

"Siku nyingine ikikubali hujibu neno moja tu. Siku hiyo ilijibu maneno mengi ya Kizungu. Nikajua imekataa. Nikatuma tena, ikajibu yale yale. Mara ya tatu nikaiacha, nikamwambia Mungu, basi, mwanangu ameshaenda."

"Siku nyingine ni zipi?"

"Akichelewa sokoni. Skuta inagoma, nampigia simu, namwambia panda ya kukodi urudi. Anarudi. Akifika namwashia." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kufungia kuku. "Sikuwa namtesa, mwanangu. Alikuwa anarudi anacheka, anasema skuta hii ina majini."

"Ijumaa ulijuaje kwamba haendi sokoni?"

"Nilifungua kabati lake. Lilikuwa tupu." Mak Nurana alizungusha macho kwenye ukumbi. "Nimezaa wanaume wanne. Mmoja Jakarta, mmoja Pekanbaru, wawili Malaysia. Sikumzuia hata mmoja, wanaume ndivyo walivyo. Huyu alikuwa wa kike. Kwetu nyumba hurithiwa na binti; hii ni yake, hata kaka zake hawana msumari humu. Nani anaacha nyumba yake mwenyewe akapange chumba Solok?"

Desmawarni aliona hilo si swali la faili. Akaigeuza simu ili kioo kimtazame yule mama, akamsomea jibu la kile kifaa, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa: amri imepokewa, itatekelezwa mwendo ukipungua chini ya kilomita ishirini kwa saa. Kisha akamweleza kuhusu kona. Akamweleza kuhusu taa ya nyuma. Hakumung'unya maneno na hakuongeza hata moja.

Jikoni tui lilikuwa bado linachemka taratibu kwenye sufuria. Mak Nurana alikuwa ameangalia mikeka.

"Kwa hiyo ilikubali," alisema.

"Ilikubali, Mak. Ile ya kwanza."

Mikono yake ikaanza kunyoosha mkeka uliokuwa umeshanyooka.

"Lakini gurudumu ni la yule dereva."

"Ni lake."

"Basi mwache huko aliko. Siku sita ameshazimaliza, ameshazoea. Nimesimama mbele ya kijiji kizima nimemlaani. Kesho watu watajaa humu. Unataka niwaambie nini?"

"Siwezi kumwacha, Mak."

"Wewe una mama?"

"Ninaye."

"Unaishi naye?"

Desmawarni alifungua faili, akatoa karatasi safi. Mama yake alikuwa Payakumbuh, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa sikukuu ya mwaka juzi. "Nitaandika ulichoniambia, nikusomee, kisha utie saini," alisema. "Halafu tutakwenda pamoja kituoni. Hutafungwa pingu."

"Andika nilikuwa namwita arudi nyumbani."

Aliandika hivyo. Chini yake akaandika saa tatu na dakika arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na nne, na mbele ya kila saa lile neno lililotumwa. Alisoma yote kwa sauti ya kawaida. Mak Nurana alitia saini kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, akapuliza wino ukauke.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake wanawake wa kijiji walipoanza kupanda ngazi, wanne, wamejitwika mchele na nazi kwa ajili ya kesho. Waliiona sare, wakasimama. Mkubwa wao alitua mzigo, akaja kumshika Mak Nurana bega.

"Ni habari za yule dereva?" aliuliza.

Mak Nurana alimtazama Desmawarni. Macho yake hayakuwa yanaomba tena.

"Ndiyo," alijibu. "Za yule dereva."

"Wamemhukumu?"

Desmawarni alikunja karatasi, akaitia ndani ya faili.

"Naenda kumwandikia atoke," alisema.

Wale wanawake walitazamana. Mmoja alifungua mdomo amuulize kwa nini, lakini Mak Nurana alikuwa ameshasimama, ameshika nguzo, anaelekea chumbani kuchukua mtandio wa kutokea.

"Nyama iko jikoni," aliwaambia bila kugeuka. "Msiiache iungue."